Rajaji: tembo, reli ya mwaka 1900 na chapati nilizotupa dirishani (uzi mrefu kidogo)

MtuWaKihonda (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema? Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza humu kwa nini barabara ya Mikumi isinyanyuliwe kwenye nguzo ili wanyama wapite chini. Akavamiwa kama mwizi wa kuku, mara anaota, mara pesa ziko wapi. Nikajiona nina deni naye, maana mimi nimekaa mahali walipofanya hicho kitu, na nimeona pia walivyochelewa kukifanya. Chukueni kahawa. Nitaandika kwa vipande, niko kazini na bosi anapitapita.

Nilisoma Dehradun, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kuanzia 2013 hadi 2017. Wabongo tuliopita kule si haba. Ukitoka Delhi kwa basi ni tambarare tupu, miwa na ngano mpaka macho yachoke, halafu karibu na mwisho wa safari vinachomoza vilima vyenye ncha, vya mawe laini yanayomeguka kama sukari guru. Wageni wengi hudhani ndiyo Himalaya, wanatoa simu wanaanza kupiga picha. Siyo. Hiyo inaitwa Shivalik. Ni kibaraza tu, mwenye nyumba yuko nyuma.

Msitu uliovaa vilima hivyo ndio Hifadhi ya Rajaji. Eneo lake ni kilomita za mraba 820. Mikumi yetu ina 3,230, pigeni hesabu wenyewe. Ndani ya kiraka hicho wamo tembo, chui milia, chui wa kawaida, dubu, fisi, chatu, na tausi wa kumwaga. Miti mikubwa ni misal, inasimama wima kama nguzo za msikiti, na chini yake makorongo yaliyojaa mawe ya mviringo. Makorongo hayo miezi mingi ni makavu kabisa, gari la watalii linapita humohumo. Masika yakifika huyatambui, maji yanasomba gogo kama kijiti.

Yalikuwa mapori matatu tofauti: Motichur la mwaka 1936, Rajaji la 1948 na Chilla la 1977. Mwaka 1983 yakaunganishwa kuwa hifadhi moja ya taifa, na 2015 ikatangazwa rasmi hifadhi ya chui milia. Jina limetoka kwa C. Rajagopalachari, gavana mkuu wa mwisho wa India, ambaye watu walimwita kwa heshima Rajaji.

Sasa fungueni ramani. Mto Ganga unashuka kutoka milimani, unapita Rishikesh, unakwenda Haridwar, na katikati ya miji hiyo miwili unaikata hifadhi vipande viwili. Kipande kikubwa kiko magharibi. Cha mashariki ndicho Chilla, na kutoka Chilla msitu unaendelea kuelekea mashariki hadi hifadhi ya Corbett. Kwa hiyo tembo wa magharibi akitaka kwenda kwa ndugu zake wa mashariki, pa kuvukia ni mahali pamoja tu, kipande chembamba cha msitu baina ya Motichur na Chilla. Tembo wa Himalaya ya magharibi wamepita hapo tangu enzi za mababu wa mababu zao. Halafu sisi binadamu tukaja.

Ngoja nijibu simu, narudi.

Kibogoyo

Nimeweka kiti cha mbele. Ila mkuu, uzi wa wanyama bila picha ni pilau bila nyama.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, chui milia ndiye yule wa kwenye blanketi?

MtuWaKihonda

Ndiye huyohuyo Bi Mkubwa, shikamoo. Ila wa kwenye blanketi ananguruma bure. Wa kule nimekaa miaka minne nimeona nyayo zake mara tatu na mgongo wake mara moja, tena kwa sekunde nne. Picha zangu Kibogoyo zilikufa na simu, nitajaribu kumwomba rafiki.

Tuendelee. Nianze na reli, kwa sababu kwenye reli na mimi nina kesi.

Reli ya Haridwar hadi Dehradun ilifunguliwa Machi 1900. Inapita ndani ya hifadhi kama kilomita 18. Kuna stesheni moja inaitwa Kansrao, iko katikati ya msitu, ukishuka hapo usiku na huna mwenyeji basi umejileta mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natoka Delhi na treni ya usiku. Alfajiri tumeshaiacha Haridwar, nina mfuko wa nailoni wenye chapati nne na viazi vya manjano vilivyoanza kuchacha. Madirisha ya mabehewa yale ya bei chee yana nondo, hayana kioo cha kuzuia. Nikapenyeza mfuko, nikaachia. Mzee aliyekaa mbele yangu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, akaacha kunywa chai. Akanitazama, akasema neno moja tu: "Haathi."

Nikajua nimetukanwa. Jamaa wa pembeni akacheka akanitafsiria: tembo. Yule mzee akaendelea kusema polepole kwa Kihindi, na jamaa ananipa kwa mafungu. Unatupa chakula hapa, tembo ananusa, anakuja relini usiku. Anakula. Treni nyingine inakuja. Kisha akaonyesha kwa kiganja jinsi treni inavyokuja, akapiga kiganja kile kwenye kingine, pah. Akarudi kwenye chai yake. Sikuwa na pa kuficha uso hadi tunafika Dehradun.

Nikaja kujua kwamba mzee hakuwa na hadithi za vijiweni. Kati ya 1987 na 2002, tembo wapatao 20 waligongwa na treni kwenye kipande hicho. Ishirini! Kwenye hifadhi ndogo vile. Watu wa wanyamapori walipokaa chini kuchunguza kwa nini tembo wanakwenda relini, majibu hayakuhitaji darubini. Upande mmoja wa reli ni msitu, upande wa pili mashamba ya ngano na miwa. Maji nayo yako ng'ambo, kiangazi wanyama wanayafuata. Kuna sehemu kingo za reli zimechongwa wima kama ukuta, tembo akishaingia katikati na treni imekuja hana pa kutokea, na kuna kona ambapo dereva hamwoni mpaka amemfikia. Juu ya yote hayo ndiyo mabaki ya chakula, ya jikoni mwa treni na ya wajinga kama mimi.

Kibogoyo

Kwa hiyo wewe ndiye muuaji. Tumekupata.

MtuWaKihonda

Sikatai, mkuu.

Ila sikieni walichofanya, maana ndicho kilichonifanya nimtetee yule mdau wa Mikumi. Hawakuanza na zege. Mwaka 2002 shirika moja la uhifadhi, Wildlife Trust of India, likakaa meza moja na watu wa reli na wa misitu. Wakaweka doria ya miguu usiku. Watu wanatembea juu ya mataruma na tochi, wakiona tembo karibu wanapeleka habari stesheni, dereva anaambiwa apunguze mwendo. Kingo zilizochongwa wima wakazilaza ili mnyama aweze kupanda. Wakachimba mabwawa ya maji upande wa msitu ili tembo asiwe na sababu ya kuvuka. Wakawafundisha madereva na abiria. Vifo vikashuka hadi karibu havipo kwa miaka kadhaa.

Kimahesabu hayo ni majembe, tochi na simu. Baadaye ajali zikarudi mojamoja, maana doria ni kama kupiga mswaki, ukiacha wiki mbili meno yanasema.

Niliwahi kuongea na kijana mmoja aliyekuwa akifanya doria hiyo. Alisema tochi haimsaidii kumwona tembo. Tembo akiwa amesimama kimya ni kama sehemu ya giza. Anachosikiliza ni tumbo lake linavyounguruma, au tawi kuvunjika. Mti wao wa anasa kule unaitwa rohini, wanaubambua magome kama sisi tunavyomenya muwa, na sauti ya gome likichanika usiku inafika mbali. Yeye akisikia hiyo anakaa chini kwenye reli anasubiri. Nikamuuliza anaogopa nini zaidi, tembo? Akasema tembo ana adabu. Anaogopa chui. Na kweli pande zile za Motichur na Raiwala chui wameshaua watu wengi, hasa waliokwenda kuokota kuni au kujisaidia vichakani.

Sajenti Mstaafu

Uzi mzuri. Swali: hao tembo wa Asia mbona wengine kwenye picha hawana pembe? Wamekatwa?

MtuWaKihonda

Hawajakatwa, afande. Tembo jike wa Asia hana pembe za kuonekana, ana vijiti tu vinavyochungulia mdomoni. Hata madume wapo wasio na pembe kabisa, wanawaita makhna. Kwa hiyo jangili wa pembe kule anaua madume tu, na unaweza kukuta msitu una tembo wa kutosha lakini mabwana harusi hakuna.

Na kwa kuwa umegusa pembe, kuna kitu lazima nikiseme hata kama kinatutoa barabarani. Shivalik ni makaburi ya tembo. Kwenye yale mawe laini, karne ya 19, Waingereza wawili, Hugh Falconer na Proby Cautley, walichimbua mifupa ya wanyama wa kale hadi wakajaza makasha. Mmojawapo ni jamii ya tembo waliotoweka, wenye pembe ndefu za ajabu, wakampa jina la Ganesa, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Sasa huyo Cautley ndiye mhandisi aliyejenga Mfereji wa Ganga unaoanzia Haridwar, uliofunguliwa 1854. Yaani mtu huyohuyo anafukua tembo wa kale kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anaanza kazi ya mifereji ambayo wajukuu zake kikazi watakuja kumzibia njia tembo aliye hai. Hilo huwa linanichekesha vibaya.

NduguWaNanyuki

Salamu kutoka Kenya. Hii kitu ya kupita chini huku kwetu iko tangu 2011, barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Magari juu, ndovu chini, na ndume wa kwanza kupita alikuwa anaitwa Tony. SGR nayo Tsavo imeachiwa mapito. Kwa hivyo mwambie huyo mtu wa Mikumi hajaota. Lakini wewe umesema binadamu walikuja, ukaongea reli tu. Hizo zingine?

MtuWaKihonda

Nakuja huko, ndugu. Tony nimemkubali.

Chukulia wewe ni tembo, uko Motichur, unataka kufika Chilla. Unavuka reli, umepona. Mbele yako kuna barabara kuu ya Haridwar kwenda Rishikesh na Dehradun. Hiyo si barabara ya kijijini. Haridwar na Rishikesh ni miji mitakatifu, msimu wa mahujaji magari yamegusana toka asubuhi hadi asubuhi, honi haikatiki. Tuseme umengoja saa nane usiku, umevuka. Sasa kuna jeshi. Raiwala kuna kambi, na ghala la risasi likawekwa palepale penye njia. Kando yake kijiji, Khand Gaon.

Kijiji hiki kina habari yake. Wakazi wake walikuwa watu wa milimani waliohamishwa kupisha bwawa la Tehri, lile bwawa kubwa lenye ukuta wa mita 260. Serikali ikawahamisha kutoka mabondeni mwao ikawaweka, mahali pote pa India, katikati ya njia ya tembo. Tembo wanakula ngano yao, wao wanapiga debe usiku kucha. Baadaye ikaonekana njia ifunguliwe, wakahamishwa tena, wakapelekwa karibu na Rishikesh. Mtu mmoja, maisha mamoja, kuhamishwa mara mbili, na mara zote mbili kwa "maslahi ya umma".

Haya, umepita kijiji. Unafika Ganga. Hapo ndipo pazuri. Mto umetanuka, una visiwa vya mawe na majani, tembo wanaoga, wanakula, wanalala. Ukishavuka unakutana na kitu cha mwisho, mfereji wa umeme wa Chilla. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya Ganga yanachepushwa karibu na Rishikesh, yanakwenda kilomita 14 kwenye mfereji wa zege hadi kituo cha umeme cha megawati 144. Kingo zimelala kama paa, zege laini, maji yanakimbia. Tembo akiingia humo hatoki. Anategemea madaraja yaliyowekwa hapa na pale.

Mtaalamu mmoja wa wanyama, A.J.T. Johnsingh, aliyefanya kazi Taasisi ya Wanyamapori ya India palepale Dehradun, alipiga kelele miaka mingi kuhusu kipande hiki. Yeye na wenzake waliona kwamba madume bado walikuwa wanavuka wenyewe wenyewe, ila familia, yaani majike na watoto, karibu waliacha. Dume ni kama kijana wa bodaboda, atapenya tu. Mama mwenye mtoto anapiga hesabu.

Daraja la juu pale Motichur, magari juu na wanyama chini, lilianza kujengwa, likasimama. Mimi miaka yangu yote minne nilikuwa naziona nguzo zimesimama na nondo zinachungulia juu zikipata kutu, magari yanapita pembeni kwenye vumbi. Likaja kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Na ile barabara mpya ya Delhi hadi Dehradun, pale Mohand upande wa magharibi wa hifadhi, wameinyanyua juu ya nguzo kwa kilomita 12 hivi, ikifuata korongo. Kilomita kumi na mbili! Hiyo ndiyo niliyotaka yule mdau wa Mikumi aisikie. Lakini msishangilie sana, misal mingi ilikatwa kupata nafasi na watu wa Dehradun waliandamana.

NduguWaNanyuki

Na hao chui milia wanavuka?

MtuWaKihonda

Hapo ndipo utajua njia ikifungwa inakuwaje. Upande wa Chilla chui milia walizaana, kwa sababu Corbett iko jirani. Sensa ya 2022 iliipa Rajaji nzima chui milia 54. Upande wa magharibi, wenye msitu mkubwa zaidi na chakula tele, kwa miaka mingi walibaki majike wawili tu. Wawili, wanazeeka, wanazunguka msituni wanaita, hakuna wa kuitika. Kilomita chache mashariki madume wanauana kwa kugombea eneo.

Desemba 2020 wakaanza kuwabeba wengine kutoka Corbett, wanachomwa sindano ya usingizi, wanavalishwa kola ya redio, wanapanda gari. Yaani safari ambayo mnyama angeitembea mwenyewe usiku kadhaa, sasa anahitaji daktari, dereva na mlolongo wa vibali.

Na wewe mtu wa Nanyuki, huyo Corbett ni wa kwenu kidogo. Jim Corbett, aliyekuwa akiwinda chui milia wanaokula watu huko milima ya Kumaon na baadaye akageuka kuwa mtetezi wao, aliondoka India 1947 akahamia Nyeri. Alifia huko 1955 na kaburi lake liko Nyeri mpaka leo. Hifadhi ikapewa jina lake akiwa ameshalala kwenye udongo wa Kenya.

NduguWaNanyuki

Hapo kanisani St Peter's! Nimepita hapo kwa matatu mara mia, sijui kuna nani ndani. Wikendi naenda.

Olkarani

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mkuu unaandika vizuri lakini umeruka mtu. Huo msitu ulikuwa hauna wenyewe? Kila hifadhi ina watu waliotolewa. Mimi kwetu ni Ngorongoro, huu wimbo naujua hata kabla ya kiitikio.

MtuWaKihonda

Swali la haki. Nilikuwa naliogopa, ndiyo maana nimelizunguka.

Walikuwepo na baadhi wapo. Wanaitwa Van Gujjar, yaani Wagujjar wa msituni. Ni Waislamu, wafugaji wa nyati wa maji, lugha yao Kigojri. Baridi wanakaa Shivalik, kwenye nyumba za udongo na nyasi, wanapanda miti kuwakatia mifugo matawi. Kiangazi kikianza wanabeba kila kitu wanapanda na nyati hadi kwenye malisho ya juu Himalaya, wanarudi masika yakiisha. Maziwa ya chai uliyokunywa Haridwar au Dehradun, kuna uwezekano mkubwa yametoka kwao.

Hifadhi ilipotangazwa 1983 wakaambiwa watoke. Mwaka 1992 walirudi kutoka milimani wakakuta wanazuiwa kuingia, kukawa na vuta nikuvute kubwa, wanaharakati wa Dehradun wakaingilia, wakaruhusiwa. Mwishowe familia 1,390 zikapangiwa kuhamia Pathri na Gaindikhata, kila moja ipewe kiwanja na shamba la hekta 0.8. Mtu aliyekuwa na nyati 30 na msitu mzima, sasa ana shamba la kupiga jicho moja ukamaliza. Na orodha ikawa ya zamani, kijana aliyekuwa mtoto wakati wa kuhesabu sasa ana mke na watoto wanne, hayumo.

Nilienda Gaindikhata mara moja na rafiki aliyekuwa akifanya utafiti. Bibi mmoja akatukaribisha chai ya maziwa matupu, haina maji hata tone. Nikaona ua wake umepangwa kama kambi: kila kitu kimefungwa, kimeninginizwa juu, hakuna kabati. Rafiki akamuuliza amekaa hapo muda gani. Miaka zaidi ya kumi. Bado mizigo haijafunguliwa.

Mpenda Ukweli

Pole zao, lakini tuwe wakweli. Miti ikikatwa matawi kila mwaka na nyati wanakula majani yote, swala watakula nini? Chui milia atakula nini? Huwezi kuwa na vyote. Sheria ni sheria.

Olkarani

Sheria ipi? India ina sheria ya haki za msitu ya 2006 inayowatambua watu kama hao. Reli haikuhamishwa. Mfereji haukuhamishwa. Jeshi halikuhamishwa siku ya kwanza. Aliyehamishwa kwanza ni mwenye nyati.

MtuWaKihonda

Nyote wawili mmeshika ukweli na mnanipa shida. Mpenda Ukweli, watafiti walipima Chilla kabla na baada ya Wagujjar kuondoka, na kweli swala waliongezeka na chui milia wakarudi. Siwezi kulificha hilo kwa sababu nilikunywa chai ya bibi. Na Olkarani, hiyo hoja yako ya nani alihamishwa kwanza sina jibu lake. Kwenye ramani ile, kilichokuwa na zege kilibaki, kilichokuwa na nyasi kikaondoka.

Ila hapa nasimama upande mmoja: njia ya tembo haikuzibwa na Mgujjar. Yeye na tembo walikuwa wanapishana. Walikuwa hata na kalenda moja, wote wanahamahama.

Ustadhi Ruwi

Assalaam alaykum kutoka Muscat. Nilimpeleka mama Delhi kutibiwa mwaka 2019, akapata nafuu, tukaenda Rishikesh kupumzika siku mbili. Kuna magofu kule msituni ya yule mwalimu wa kutafakari aliyewapokea wanamuziki wa bendi ya Beatles mwaka 1968. Mlinzi akatuambia hapo ni ndani ya hifadhi ya Rajaji, nikadhani anatutania. Vijumba vya mawe vya mviringo kama mayai, vimeota kuvu, tumbili weusi nyuso wamekaa madirishani kama wapangaji. Mama akasema hawa ndio wenye nyumba, sisi tumekodi saa moja.

MtuWaKihonda

Waalaykum salaam, ustadhi. Hakukutania. Mkataba wa ardhi ulikwisha 1981, idara ya misitu ikaichukua, msitu ukaanza kula nyumba taratibu. Wakafungua kwa watalii Desemba 2015. Mpe mama salamu, ameongea vizuri kuliko sisi wote.

Kwa wanaouliza faraghani: hifadhi hufunguliwa 15 Novemba hadi 15 Juni. Lango zuri ni Chilla. Magari ni vijipu vya wazi, wanaviita Jipsi. Beba koti, asubuhi ya Januari baridi inaingia hadi kwenye meno. Msitegemee mikusanyiko ya Serengeti, pale ni msitu, unaangalia majani saa mbili halafu unapewa dakika moja. Na chakula mkirudi nacho, rudini nacho mpaka chumbani.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu umetuzungusha kote, hujasema kama wewe mwenyewe uliwahi kuwaona hao tembo wakivuka.

MtuWaKihonda

Mara moja, Bi Mkubwa. Mei 2017, wiki chache kabla sijaondoka. Tulikuwa watatu karibu na daraja moja la mfereji wa Chilla, jua linazama, joto la kuyeyusha ndala. Akatokea dume upande wa mtoni, peke yake, amelowa hadi tumboni, matope yanamdondoka. Alipanda darajani bila hata kusimama, akapita katikati kama mzee anayerudi nyumbani kutoka shambani, akaingia msituni. Haikufika dakika moja.

Tukadhani imekwisha. Kisha wakatoka majike wawili na mtoto. Mtoto alikuwa mdogo, anapita chini ya tumbo la mama bila kuinama. Wakafika mwanzo wa daraja wakasimama. Yule jike mkubwa akaweka mguu mmoja juu ya zege. Akautoa. Akaweka tena, akanyoosha mkonga akanusa pale dume alipokanyaga, akanusa ukingo, akanusa hewa upande wa barabara ambako honi zinasikika kwa mbali. Mtoto akatangulia hatua mbili, akavutwa mkia akarudishwa. Hivyo hivyo, mguu juu, mguu chini. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja, sijui hata kwa nini.

Giza likaingia, mlinzi akaja na fimbo kutufukuza. Tulipowasha taa za pikipiki kuondoka walikuwa bado wamesimama upande uleule.